Karani Akingoja Langoni

Jumanne, 3 Machi

Naanza kuandika leo kwa sababu mvua imewafungia wateja majumbani na mimi siwezi kukaa saa nzima bila kusema. Daftari hili lilikuwa la majina ya wateja wa studio. Lina kurasa nyingi nyeupe kuliko nilivyotarajia, lakini hayo tuyaache. Shule niliishia darasa la sita, au tuseme shule ndiyo iliyoniacha, maana mimi nilikuwa bado nimekaa. Kwa hiyo atakayesoma asinitafutie makosa ya mwandiko.

Mimi ni mpiga picha za vitambulisho. Nusu ya nyuso za mji huu zimepita mbele ya shuka langu jeupe. Afisa mmoja wa mpakani aliwahi kuipigia saluti picha niliyopiga mimi, mwenye picha mwenyewe akiwa bado nyuma kwenye foleni. Mtaa mzima unaniita Mjomba, hata watu walionizidi umri.

Wiki iliyopita dada yangu mkubwa aliteleza kwenye sakafu ya sabuni kazini kwake. Yeye ni dobi mkuu, miaka ishirini na sita anafua mashuka ya watu. Nyonga imevunjika. Wamempasua, wametia chuma. Nimewaambia wauguzi wakionee huruma chuma chenyewe, maana hakijui kimeingia kwa nani.

Nimehamia kwake kuangalia nyumba na mbwa.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua. Karani hakula.

Jumamosi, 7 Machi

Karani ndiye mbwa. Rangi ya mchanga, sikio la kushoto limekatika ncha. Dada alimwita hivyo kwa sababu hukaa nyuma ya lango kama karani dirishani, anakagua nani anapita na nani hana karatasi. Kila siku saa kumi na nusu dada hutokea kwenye kona ya duka la mbao akitoka kazini, na Karani husimama. Ndiyo kazi yake.

Sasa hatoki langoni tangu asubuhi. Nimempikia, nimemwimbia, nimemtisha. Ananitazama kama mtu aliyekosea ofisi.

Jumatatu, 9 Machi

Nimetoka hospitali. Dada amelala ameuelekea ukuta. Kanisikia viatu tu, hajageuka.

"Karani anakula?"

"Anakula!" nikasema. "Jana kamaliza sufuria nzima, akailamba mpaka nikajiona uso humo ndani. Amenenepa, dada, hata lango limekuwa jembamba."

Akageuka polepole.

"Redio," akasema. Hivyo ndivyo anavyoniita tangu utoto. "Amekufa lini?"

"Nani?"

"Mbwa wangu. Wewe ukisema jambo limekuwa zuri kiasi hicho, kuna kaburi mahali."

Nikaapa kwa jina la mama. Akasema mama mwenyewe alikuwa hanisadiki.

Mtaalamu wa mazoezi akanivuta hadi kwenye varanda. Ni mwanamke mwembamba, mikono kama waya, na haoneshi kuogopa watu wenye hadithi. Akaniambia dada anakataa kusimama. Mfupa uko sawa, mshono umekauka, tatizo ni yeye mwenyewe. Daktari atamkagua tarehe thelathini Aprili. Akiwa bado hajatembea, wanamruhusu na kiti cha magurudumu, na mdogo wetu wa mwisho ameshasema atamchukua kwake mji mwingine, ghorofa ya tatu, mahali ambapo mbwa haruhusiwi. Nyumba itapangishwa.

"Nimemuuliza kwa nini hataki," akasema. "Ananijibu, nisimame niende wapi, nani ananingoja?"

"Mbwa anamngoja!" nikasema. "Yuko pale langoni sasa hivi!"

"Basi mwambie, Mjomba."

Nimemwambia. Hapo ndipo penye shida. Miaka hamsini na moja nimesimulia simba niliyemfungia chooni na treni niliyoisimamisha kwa kikohozi. Leo nina jambo moja la kweli mkononi na hakuna wa kulipokea.

Lakini mimi ni mpiga picha. Nitampelekea picha, na picha itasema kwa niaba yangu.

Jumamosi, 14 Machi

Leo nimepiga picha ambayo watu wa kazi hii wataililia.

Nilimwogesha Karani, nikampangusa tongo za macho. Nikatundika shuka jeupe kwenye lango, nikamweka juu ya kigoda. Masikio yote mawili yaonekane, mdomo ufungwe, tazama hapa, usipepese. Aligoma. Nikainua biskuti juu ya kamera. Akatulia, macho mbele, shingo wima, kama waziri. Kwa picha hiyo mbwa yule angevuka mpaka wowote bila kuulizwa.

Jirani yetu, fundi cherehani, alikuwa anatazama kutoka kibarazani kwake, sindano mdomoni.

"Mjomba, anasafiri kwenda wapi huyo?"

"Hospitali," nikamjibu.

Jumatatu, 16 Machi

Dada aliishika picha kwa mikono miwili. Nikajua nimeshinda.

"Basi yuko hai," akasema.

"Si nilikwambia?"

"Amekuzoea." Akaisogeza karibu na macho. "Tazama anavyokutazama. Macho yote kwako. Mimi huyu alikuwa hanitazami hivi."

"Dada, ile ni biskuti."

"Iwe biskuti. Mbwa hana makosa, anayemlisha ndiye wake." Akanirudishia. "Mchukue tu. Heri yeye amepata mtu."

Akageukia ukuta. Mtaalamu wa mazoezi alipokuja na mkongojo aliambiwa aupeleke kwa mwingine.

Nimefanya nini mimi? Nilikwenda kumwambia anangojewa, nikamwonesha amesahauliwa. Na picha ilikuwa safi, hilo silikubali lisemwe vinginevyo.

Jumanne, 17 Machi

Nimejaribu kumpeleka mbwa mwenyewe. Nilimbeba hadi kona ya duka la mbao. Alijinyonganyonga, akaniponyoka, akarudi mbio langoni na kukaa palepale. Hataki kuondoka, anaona dada atapita asimkute. Nimevuka mito yenye mamba mimi, lakini sijaona kitu kigumu kuliko mbwa aliyeamua. Isitoshe, mlinzi wa hospitali ameshaniambia mbwa haingii hata akivaa tai.

Ijumaa, 20 Machi

Mvua. Fundi cherehani amemrekodi Karani kwa simu yake anipe nipeleke. Sekunde arobaini za Karani akilamba simu. Simu sasa haisikii vizuri.

Jumapili, 22 Machi

Nimefikiri kwa nguvu mpaka kofia ikapanuka. Picha ya kwanza ilikosa hadithi, na hadithi ndiyo fani yangu. Nimetoa viatu vya kazi vya dada, nikavipanga mbele ya lango. Nikamlaza Karani, kidevu juu ya viatu. Hakukubali, kwa hiyo nilimshikiza kidogo kwa uzi wa fundi cherehani, uzi mwembamba, hauonekani. Nikasubiri mvua ipungue, mwanga ukawa wa kijivu cha huzuni. Nikapiga.

Fundi cherehani alipoiona alifuta jicho. Mwenyewe nililia. Nasema kweli.

Jumamosi, 28 Machi

Nayaandika haya nikiwa nimelowa na sina hamu ya kubadili nguo.

Dada aliitazama ile picha ya viatu kwa muda mfupi sana.

"Nani amevipanga hivi viatu?"

"Mbwa mwenyewe, dada. Anavitoa kila asubuhi kwa mdomo, kimoja kimoja..."

"Vimekaa sambamba, kamba zimeingizwa ndani. Tangu lini mimi nikavua viatu nikavipanga? Mimi navirusha." Akaweka kidole kwenye shingo ya Karani. "Na hii ni nini?"

"Unywele."

"Ni uzi wa bluu. Umemfunga mbwa wangu."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani akajifanya amelala.

"Dada, nilitaka tu uone..."

"Nione nini? Unavyotaka niumie? Wewe hujawahi kuniletea kitu kama kilivyo, maisha yako yote. Baba alipougua uliniambia anacheza dansi. Nikakaa kazini nikimalizia mashuka. Nikafika amekwisha."

Nikachukua picha yangu, nikatoka bila hadithi. Na hilo halijawahi kunitokea, muulizeni yeyote.

Nilitaka kuandika hapa kwamba dada ana moyo wa jiwe. Ndivyo nilivyokuwa nikisema kila mahali kwa miaka, kwamba yeye mkali, mimi mchangamfu. Lakini niliporudi kwa miguu kwenye mvua nilikuwa napiga hesabu. Baba alikuwa na homa ya siku ya tisa nilipomwambia dada kwamba anacheza dansi. Nilidhani namliwaza. Kumbe nilimwibia safari ya kumkuta baba hai.

Sitampelekea tena kitu nilichokipanga. Na sitaacha. Tarehe thelathini bado iko mbele, na mbwa bado yuko langoni. Yeye hajaacha, mimi niache kwa nini?

Ijumaa, 3 Aprili

Mvua. Karani kala nusu. Naandika nusu kwa sababu ilikuwa nusu.

Jumapili, 12 Aprili

Leo nimefanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya katika kazi yangu. Nilikaa na ninayetaka kumpiga picha, bila kamera, bila kumwita, kuanzia asubuhi. Nilichukua kigoda, nikakaa kando ya ukuta.

Niliyoyaona nayaandika.

Hatazami njia nzima. Anatazama kona tu, pale ukuta wa duka la mbao unapokatika. Baiskeli ikija, sikio zima linageuka, lile lililokatika linabaki. Gari likija hakuna sikio. Mtu akija kwa miguu, yote mawili. Akimtambua kuwa siye, anapiga mwayo mdogo, kama anayesema samahani nilikuwa simtafuti yeyote. Saa kumi inapokaribia anaacha kujikuna. Saa kumi na nusu anasimama, mguu mmoja wa mbele umeinuliwa, anatetemeka kidogo tu kwenye bega. Anasimama hivyo mpaka wafanyakazi wote wa zamu ya dada wamepita. Kisha anakaa, anaweka kidevu kwenye chuma cha chini cha lango. Chuma hicho rangi imebanduka pale, mahali pa kidevu kimoja. Miaka mingapi nimepita hapo nisione?

Mimi hakunitazama hata mara moja. Hapo nikaelewa. Kazi yangu yote ni kuwaambia watu watazame hapa. Lakini anayengoja hatazami hapa. Anatazama pale. Nikimwita tu, nimeshamtoa kwenye kungoja.

Fundi cherehani aliita kutoka kibarazani: "Mjomba! Saa nzima hujasema neno. Nimwite daktari?"

Nikamwashiria anyamaze. Akavuka barabara kuja kunigusa paji la uso.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimepiga kila siku tangu Jumatatu. Nikiwa ndani dirishani, nikiwa juu ya ukuta, mara moja nikiwa nimelala kwenye mfereji. Naona kisogo, naona mgongo, naona mbwa. Kungoja sikuoni.

Jumapili, 19 Aprili

Mvua. Nimekwenda kumwona dada mikono mitupu. Nikamwambia, "Karani anakula nusu. Amekonda. Anakaa langoni." Hakugeukia ukuta.

Alhamisi, 23 Aprili

Nina hakika hakuna atakayesadiki haya, kwa hiyo nitayaandika polepole na bila mapambo.

Asubuhi nilipokuwa natoka kwenda studio mvua ilikuwa inamwagika kama ndoo imepinduliwa. Koti langu lilikuwa bado bichi la jana. Nyuma ya mlango lilining'inia koti la dada la kazini, la plastiki, kubwa, la kijani, lenye kofia. Nikalivaa. Sikuwa na mpango wowote. Nalisema hili kwa sababu ni mimi, na mimi huwa na mpango.

Mchana wateja walikuwa wawili. Nikafunga mapema, kamera nikaitia ndani ya koti isilowe, nikatembea kurudi. Nilipokata kona ya duka la mbao, saa ya ukutani mle dukani ilikuwa saa kumi na nusu kasoro dakika moja.

Karani aliliona koti.

Alisimama. Kisha akapanda kwa miguu ya mbele kwenye lango, masikio juu, hata lile la ncha iliyokatika, na mwili wote ukawa unakwenda upande huu na huu. Akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Mkono wangu, nadhani ni miaka thelathini ya kazi, ulikwishatoa kamera. Nikapiga.

Nikapiga hatua mbili mbele. Natembea kwa kutupa miguu nje kama bata, dada hatembei hivyo. Na upepo ukageuka ukamletea harufu yangu.

Akashuka. Masikio yakashuka moja baada ya jingine, kwanza zima, kisha lililokatika. Hakubweka, hakukasirika. Akalaza kidevu kwenye kile chuma. Halafu macho yakaniacha, yakapita juu ya bega langu, yakarudi kwenye kona nyuma yangu, kuona kama pengine dada yuko nyuma, amechelewa kidogo, anakuja.

Nikapiga hiyo pia. Kisha nikavua koti palepale kwenye mvua, nikamwomba radhi. Mbwa. Mimi.

Sasa niko mezani na picha mbili. Ya kwanza ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Furaha tupu, matone ya maji hewani kama shanga. Ningeitundika mbele ya studio, watu wangetoka miji mingine. Ya pili ni mbwa aliyelowa, kidevu kwenye chuma, anatazama nyuma ya mtu asiyeonekana. Huyo asiyeonekana ni mimi. Ni picha ya mimi kutokuwa yeye.

Nikipeleka ya kwanza, dada atasema: amefurahi kukuona wewe.

Napeleka ya pili.

Ijumaa, 24 Aprili

Nilimpa bila kusema neno. Nilijiuma ulimi, na nilijiuma kweli, bado unauma.

Akaitazama. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Mvua ilikuwa inapiga bati la varanda.

"Hii ulisimama wapi?"

"Konani. Duka la mbao."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na nusu."

"Mbona amelowa? Aliondoka kwenye kibaraza kuja langoni na mvua yote hii?"

"Hakai kibarazani. Nimemwekea gunia pale, halali juu yake."

Akapitisha kidole kwenye kile chuma cha chini. Hakukuwa na uzi wa kutafuta.

"Ulivaa nini wewe?"

"Koti lako."

"La kijani?"

"La kijani."

"Alidhani ni mimi."

"Ndiyo, dada."

"Halafu akakuona ni wewe."

"Ndiyo, dada."

Mdomo wake ukaanza kutetemeka. Nikajua nimeharibu tena. Kumbe ni kicheko. Kilianzia mbali, kikafika, akashika mshono wake akicheka, "Masikini Redio! Tazama sura aliyokufanyia! Tazama!" Mgonjwa wa jirani akaomba aoneshwe, naye akacheka. Nilisimama katikati ya wodi ya wanawake nachekwa kwa sababu mbwa hakunitaka, na sikumbuki siku niliyojisikia mrefu kuliko hiyo.

Kisha akafuta macho, na machozi hayakuwa ya kicheko yote.

"Mbona hukuongeza chumvi?"

"Nimekosa pa kuitia."

Aliisimamisha picha kwenye kikombe cha maji, ikitazamana na kitanda. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa anapita na mkongojo wa mgonjwa mwingine.

"Wewe mwanangu," dada akamwita. "Huo mti wako. Ulete hapa."

Alisimama. Uso ulikuwa kijivu na jasho likamdondoka puani. Alimtukana mtaalamu, akaitukana sabuni, akanitukana mimi kwa majina ambayo mama alikuwa akiyatumia. Hakukaa mpaka alipoambiwa inatosha.

Nilikuwa nimemwona mtaalamu yule kama mtu wa amri tu. Leo nilimwona anahesabu sekunde kwa midomo, bila sauti, macho yamemjaa machozi.

Jumatatu, 27 Aprili

Hatua nne. Nimezihesabu nne, si zaidi.

Jumatano, 29 Aprili

Hatua kumi na moja, na alianguka kitandani badala ya kukaa. Anasema kesho daktari atakuta kumi na mbili.

Alhamisi, 30 Aprili

Kumi na tano, mbele ya daktari. Mdogo wetu amepigiwa simu, kaambiwa chumba chake cha ghorofa ya tatu akiwekee masanduku.

Jumanne, 5 Mei

Mvua nyepesi. Karani kala sahani yote. Sikumwambia lolote, sijui amejuaje.

Jumamosi, 9 Mei

Dada amerudi nyumbani.

Gari tulilokodi lilitaka kutufikisha langoni. Dada akagonga kioo. "Tushushe konani."

"Dada, ni mbali."

"Kila siku nafikia konani. Leo nifikie wapi?"

Tukashuka penye duka la mbao. Mfuko wake wa nguo begani kwangu, sufuria ya wodini mkono wa kushoto, na mkono wa kulia umemshika yeye kiwiko. Mkongojo upande wake mwingine. Kamera shingoni, imewashwa, tayari. Mvua ilikuwa imekata tangu alfajiri na ilikuwa saa kumi na nusu, kwa sababu yeye mwenyewe aliwakalisha wauguzi na makaratasi yao mpaka saa ilingane.

Tukakata kona.

Karani alisimama, mguu mmoja wa mbele juu. Akatazama. Nadhani alikumbuka lile koti, maana hakupanda lango. Alitazama mkongojo, alitazama ule mwendo mpya wa kuchechemea. Dada hakuita. Akapiga hatua nyingine.

Ndipo yakasimama masikio. Fundi cherehani akakimbia kufungua lango.

Mimi sikupiga picha. Mikono yote miwili ilikuwa imejaa, na wa kulia nisingeuachia hata kwa saluti za mipaka yote. Kwa hiyo hakuna picha ya mbwa yule anavyokuja, na hakuna picha ya dada anavyoutupa mkongojo ili apate mkono wa kumpokea, na mimi nikawa mkongojo.

Kutoka kona hadi lango alitembea hatua arobaini na tatu. Ukiona ni nyingi, usiniulize mimi. Muulize fundi cherehani, naye alihesabu.